Kabla ya Kung'oa Themostati ya Zamani: Onyo kwa Ndugu Walioko Uingereza

Watu wetu wa Lamu na Malindi wanaoishi Uingereza huanza kufikiria kubadilisha vidhibiti vya joto pindi bili ya kwanza ya gesi ya majira ya baridi inapoingia. Jikoni pana saa ya kale ya boila, yaani mtambo wa gesi unaopasha maji na nyumba, yenye vipini vidogo vya kuwasha na kuzima, sebuleni pana themostati ya gurudumu iliyogeuka manjano kwa uzee, na madukani kinauzwa kifaa cha kuongozwa kwa simu ambacho boksi lake linaahidi kwamba mtu atakifunga mwenyewe kwa muda mfupi. Kifaa chenyewe ni kizuri na mimi ninakitumia hadi leo. Hatari imo katika jambo moja ambalo boksi halilitangazi, nalo ni kwamba si kila boila hupokea umeme wa volti 230 kutoka kwenye themostati.

Naomba sehemu hii isomwe polepole. Yako maboila ambayo themostati huyarudishia umeme uleule wa nyumba, yaani volti 230, na umeme huo ndio ishara ya kuyaamrisha yawake. Yako mengine, hasa ya kombi yasiyokuwa na tangi la maji moto, ambayo yenyewe hutoa volti ndogo, mara nyingi 24, katika teminali mbili, yaani vishikizo vya waya, na kazi ya themostati ni kuzikutanisha teminali hizo bila kuleta umeme wowote wa nje. Kipokezi cha kisasa, yaani kile kisanduku cha kifaa kipya kinachounganishwa na boila, kina teminali za L (waya wa moto) na N (nyutro) kwa ajili ya umeme wake chenyewe, kisha kina COM na NO, ambazo ni swichi tupu isiyokuwa na umeme wake. Kwa boila la aina ya kwanza, kipande kifupi cha waya huunganisha L na COM. Kwa boila la aina ya pili, kipande hicho hakitakiwi kuwapo hata kidogo, kwa sababu siku kitakapowekwa, volti 230 zitaingia moja kwa moja katika bodi ya elektroniki iliyotengenezwa kwa volti 24.

Hilo ndilo lililonifika. Nilikuwa nimepanga nyumba yenye boila la kombi, na fundi mmoja wa kwetu, ambaye kundi zima la WhatsApp la watu wa pwani humsifu, alikuja na bisibisi yake na video aliyoitazama kwenye simu. Video ilikuwa ya boila la aina ya kwanza. Aliporudisha fyuzi, taa ya kijani ya kipokezi iliwaka, swichi ya ndani ikalia mlio mdogo wa kufunga, na kabla hajageuka kunipa mkono, harufu ya plastiki iliyoungua ikawa imeshuka kutoka chini ya boila. Ilikuwa Desemba. Kampuni ya waranti ilikataa kulipia bodi kwa kuwa kazi haikufanywa na mtu wanayemtambua, na fundi wetu akawa hapokei simu.

Kwa hiyo narudia: kabla ya kununua chochote, soma namba ya modeli kwenye kibandiko cha boila, tafuta kitabu chake mtandaoni, na utazame mchoro wa waya ili ujue teminali za themostati ni za volti 230 au ni za swichi tupu. Usiridhike na kuona kwamba kipokezi kipya kimeingia vizuri katika kibao cha nyuma cha saa ya zamani. Vibao hivyo vya ukutani vimefanana sana kwa makampuni mengi, na vipokezi vingi vinavyokaa juu yake, hasa vile vya joto na maji pamoja, hutoa volti 230 moja kwa moja bila nafasi ya kuondoa kipande cha waya. Kukaa sawasawa ukutani hakuthibitishi lolote kuhusu kinachopita ndani.

Rangi za waya nazo zisiaminiwe. Uingereza iliacha rangi nyekundu na nyeusi katika nyaya za majumbani na kuingia kahawia na bluu, na tangu 2006 kazi mpya zote ni za rangi hizo mpya, lakini nyumba nyingi zina mchanganyiko wa zote. Kebo ya themostati yenye nyaya tatu mara nyingi huwa na kahawia, nyeusi na kijivu, na hapo nyeusi yaweza kuwa waya wa moto, ilhali fundi aliyekulia katika nyekundu na nyeusi ataishika kama nyutro. Hata bluu yaweza kuwa imetumiwa kurudisha umeme kwenye boila. Piga picha kabla ya kulegeza skrubu yoyote, kisha andika kwenye kipande cha karatasi ya gundi jina la teminali ambayo kila waya umetoka, wala usiandike rangi.

Hapa sina budi kuwasemesha jamaa zetu wa nyumbani, kwa heshima zote. Ami yangu, ambaye amefunga stima katika majumba mengi ya Lamu na ambaye mkono wake siutilii shaka, alinieleza kwa simu kwamba umeme ni umeme na kwamba plagi yetu na yao ni moja. Ni kweli, ami, plagi ni moja na volti zakaribiana, lakini Lamu hatuna boila, na ushauri wa kifaa ambacho mtu hajapata kukifungua ni heri ukazuiliwa. Shangazi yangu wa Malindi naye, alipokuja kututembelea, kila alfajiri aligeuza gurudumu hadi 30 akiamini kwamba nyumba itapata joto upesi. Themostati ya kale si bomba la maji. Hufunga na kufungua tu, na nyumba hupanda kwa kasi ileile hata ukiiweka 20, isipokuwa kwamba ukisahau 30 utaamka ukitoka jasho na gesi imeteketea. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau digrii 18 ndani ya nyumba wakati wa baridi, na wazee wetu na watoto wachanga wapewe zaidi ya hizo bila ubahili.

Wenyeji wa Uingereza wenyewe wana mambo yao katika suala hili. Kwetu mgeni akilalamika joto tunamfungulia dirisha na kumwashia feni. Kwao mgeni akilalamika baridi huulizwa kama hakuja na sweta. Wako watu wenye mishahara mizuri ambao kuwasha boila kabla ya mwisho wa Oktoba wanakuona kama utovu wa nidhamu. Lakini linapokuja suala la karatasi, hawana mchezo, na katika hilo ninadhani wana haki kuliko sisi tunaoamini neno la mdomo.

Ndiyo maana mpangaji asiguse ukuta bila idhini ya maandishi ya mwenye nyumba au wakala wake, na barua pepe yatosha. Kufunga waya za themostati si kazi ya gesi, lakini kufungua kifuniko cha boila kwaweza kukuingiza humo, na kazi ya gesi ni ya mtu aliyeandikishwa Gas Safe, daftari la mafundi wa gesi lililochukua nafasi ya lile la zamani la CORGI mwaka 2009. Fundi huyo ana kitambulisho chenye picha, na nyuma yake zimeorodheshwa kazi anazoruhusiwa; kigeuze ukisome, wala usione haya.

Kazi yenyewe ni fupi. Zima swichi yenye fyuzi iliyo kando ya boila, ambayo kwa kawaida ni ya ampea 3, itoe fyuzi uitie mfukoni, kisha pima kwa kipimo cha kuaminika kwamba teminali zote zimekufa. Hamisha nyaya kwa majina. Unganisha kipokezi na Wi-Fi ya 2.4 GHz. Panga ratiba na kinga ya kuganda, yaani joto la chini kabisa la kuzuia maji yasigande mabombani, isiyopungua digrii 5. Mwenye tangi la maji asiache programu ya simu ilipunguzie joto, kwani maji ya tangini hupashwa hadi digrii 60 kuua bakteria wa legionela.

Chagua kipokezi chenye kitufe cha kuwashia kwa mkono, maana intaneti hukatika, na kampuni nayo yaweza kuchoka. Mwaka 2025 Google iliziondoa themostati za Nest za kizazi cha kwanza na cha pili katika huduma ya kuongozwa kwa simu. Zilibaki zikifanya kazi ukutani tu. Akaunti iwe kwa barua pepe yako, na uiondoe siku ya kuhama, la sivyo mpangaji wa baada yako atapashwa na kupozwa na mtu aliyeko Lamu.

Saa na themostati za zamani zisitupwe. Ni mali ya mwenye nyumba, na fundi wangu alizitia katika pipa la taka pamoja na boksi, hivyo wakala alipotaka nyumba irudi kama ilivyokuwa alidai bei ya vipya kutoka katika amana yangu, juu ya ile ya bodi. England na Wales, amana ya nyumba nyingi za kupanga sharti iwekwe katika mpango ulioidhinishwa ndani ya siku 30, na kila mpango una huduma ya bure ya kuamua ugomvi. Niliitumia. Bodi nililipa mimi, lakini dai la saa mpya lilipunguzwa hadi thamani ya saa kuukuu, kwa kuwa nilikuwa na picha yake niliyoipiga siku ya kuingia, ambayo ilionyesha kifuniko kilichopasuka na kipini kimoja kisichokuwapo.