SOMO: Kupata kazi ya meli za nje kwa kukutana na watu ana kwa ana (vijana wa Tanga)

Assalaam aleikum ndugu zangu. Kila wiki naulizwa: "Mgosi, nifanyeje nipate meli?" Nimeandika mara moja, atakayeuliza tena nitamleta hapa.

Hatua ya 1. Makaratasi: pasipoti, mafunzo ya msingi ya usalama ya STCW, yaani mkataba wa kimataifa wa viwango vya mafunzo ya mabaharia (DMI, Chuo cha Bahari pale Dar, wanatoa), cheti cha afya cha baharia, kitabu cha baharia kutoka TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania).

Hatua ya 2. Jua nani anaajiri. Tangu bandari yetu iongezwe kina na meli kubwa zianze kufunga gatini, vijana wamejazana getini na bahasha za vyeti. Nahodha haajiri mtu getini, na kanuni za ulinzi wa bandari hazikuruhusu kuingia. Ofisi za uwakala wa meli mjini nazo kazi yao ni kuihudumia meli ikiwa bandarini: nyaraka, mafuta, maji. Anayeajiri ni wakala wa mabaharia, mara nyingi yuko nchi nyingine. Anayemjua ni baharia aliyeshuka na yuko likizo nyumbani. Mtafute huyo. Utampata Ngamiani kwenye baraza ya kahawa, harusini, msikitini.

Hatua ya 3. Mazungumzo ya kwanza. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, nami niliharibu: USIOMBE KAZI. Baharia akirudi nyumbani kila mtu anamwomba, kuanzia binamu mpaka muuza mihogo. Ukianza na "nitafutie meli", atakuitikia "inshallah" na ndiyo mwisho wenu. Elewa anachobeba. Akimtajia wakala jina lako, ataulizwa, "Unamjua vizuri?" Ukipanda meli ukawa mlevi au mvivu, lawama inamrudia yeye, na mkataba wake ujao unaingia mashakani. Kwa hiyo mwulize njia yake. Alianza cheo gani, sitaha, injini au jikoni? Wakala wake aliomba vyeti gani? Mkataba ulikuwa wa miezi mingapi? Kitu gani kilimshinda mwanzoni? Sikiliza, umalize kahawa, uage. Ukiona amekuuliza wewe umesomea nini, mlango umeanza kufunguka.

Angalizo: usimwulize mshahara mbele za watu. Usimfuate siku ya kwanza ametua, mwache akae na wanawe. Usimpe bahasha ya vyeti kabla hajaiomba.

Hatua ya 4. Rudi kwake ukiwa umefanya alichokushauri, umwonyeshe. Ndipo umwombe akutaje.

Hatua ya 5. Pesa. Kwa Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006, baharia hatozwi ada ya kutafutiwa kazi. Unalipia cheti cha afya, kitabu cha baharia, pasipoti na hati kama hizo. Viza ni juu ya mwenye meli. Mtu akitaka "ya wakala", ondoka, hata akiwa shemeji yako.

MASWALI

Kijana wa Pongwe: Mkuu weka namba ya wakala hapa, tusizunguke.
Jibu: Soma hatua ya 3.

Kijana wa Pongwe: Nimesoma. Namba je?
Jibu: Hujasoma.

Mzee Kijana: Nina jamaa yuko ndani ya meli, anasema ataniingiza, vyeti nitatafuta mbele.
Jibu: Huko ni kuzamia. Wazamiaji wamekufa ndani ya matangi na mashimo ya mizigo kwa kukosa hewa. Jamaa yako naye atapoteza kazi. Usiniulize tena habari hiyo.

Binti Sahare: Shikamoo kaka. Nimesomea upishi VETA. Barazani kwa wanaume siwezi kwenda kukaa. Nianzie wapi?
Jibu: Marahaba dada, swali zuri sana. Anza na wake wa mabaharia. Wao ndio wanaojua mume anashuka lini, wakala ni nani, na mshahara ulichelewa mara ngapi. Utawapata kwenye vikoba na shughuli za harusi. Upishi wako una thamani: meli inayotakiwa kuwa na watu 10 au zaidi lazima iwe na mpishi mwenye sifa kamili. Waulize wake hao kama wapishi wanaosafiri na waume zao walitakiwa kuwa na cheti cha mpishi wa meli juu ya kile cha VETA. Chukua pia mafunzo ya msingi ya usalama, maana mpishi naye anazima moto melini.

Binti Sahare: Ahsante kaka. Na Kiingereza?
Jibu: IMO (Shirika la Kimataifa la Bahari) wana misemo sanifu ya Kiingereza ya mawasiliano ya baharini, jifunze hiyo kwanza. Mtafute baharia mstaafu akusikilize matamshi. Wazee hawa wanapenda kuulizwa.

Mgosi wa Muheza: Nyongeza, chanjo ya homa ya manjano na kile kitabu chake cha njano.
Jibu: Kweli kabisa. Choma mapema, cheti kinaanza kutumika siku 10 baada ya sindano.