"Wheel" au "tyre": namna ya kuyatenganisha kabla hujaagiza

Kwa Kiswahili kazi ni nyepesi: gurudumu ni gurudumu, tairi ni tairi. Taabu huanza unaposoma kitabu cha gari, unapoagiza vipuri mtandaoni au unapoandikiwa risiti kwa Kiingereza. Hapo "wheel" na "tyre" huanza kuingiliana, na hasara humwangukia mnunuzi.

Anza na picha hii: "tyre" ni vazi. Wachunguzi wa asili ya maneno hulihusisha na neno la Kiingereza la mavazi, na maana hiyo ndiyo ufunguo. Kabla John Boyd Dunlop hajapata hataza ya tairi la upepo mwaka 1888, "tyre" ilikuwa bangili ya chuma iliyovishwa gurudumu la mbao la gari la farasi. Reli nayo ililitumia hivyohivyo. Magurudumu makubwa ya injini za mvuke, za namna unayoiona kwenye Makumbusho ya Reli Nairobi, yalivishwa pete ya chuma. Pete ilipashwa moto itanuke, ikavishwa, kisha ikapoa na kubana. Ilipolika, ilivuliwa ikavishwa nyingine, gurudumu likabaki lilelile. Kwa hiyo usishike kwamba "tyre" lazima iwe mpira. Shika kwamba ni kile kinachovishwa nje, kinachokanyaga njia na kuisha.

"Wheel" ndilo linaloteleza, kwa sababu lina maana mbili. Kwanza ni kitu kizima kinachozunguka: chuma pamoja na tairi lake. Ukilegeza nati, ukainua gari kwa jeki, ukazitoa na kuvuta, kilichobaki mikononi ni "wheel". Mafundi wengi wangekwambia umetoa mguu. Pili, hasa dukani, ni chuma peke yake, yaani kile Nairobi nzima inachokiita rimu. Kwa Kiingereza cha uhandisi, "rim" ni ukingo wa nje tu, pale tairi linapokaa; sehemu ya kati yenye matundu ya nati haimo. Ukisema rimu pale Kirinyaga Road, ambako wengi bado wanapaita Grogan, utaeleweka bila shida. Ukiandika "rim" peke yake kwa muuzaji wa ng'ambo, kwa kawaida ataelewa pia, lakini anayeuza vipuri vya baiskeli atakuletea ukingo mtupu, bila spoki wala kitovu.

Ukibanwa kati ya maneno haya mawili, usitafute kamusi. Uliza: kimetoboka, kimekuwa kipara, kimepungua upepo? Hiyo ni "tyre". Kimepinda, kimepasuka kwenye matundu ya nati, kinatikisika kwenye ekseli? Hiyo ni "wheel". Shimo la barabarani linaweza kuharibu vyote viwili kwa pigo moja: ubavu wa tairi ukavimba na chuma kikapinda. Risiti ikitaja "tyre" peke yake baada ya pigo kama hilo, muulize fundi kama alikagua chuma. Rimu iliyopinda huvujisha upepo polepole pale inapokutana na tairi, na unaweza kuziba pancha mara tatu bila kuipata.

Jaribio la pili ni namba zilizochapwa. Ubavuni mwa tairi utasoma, kwa mfano, 195/65R15 91H. 195 ni upana kwa milimita. 65 ni urefu wa ubavu kama asilimia ya upana huo, yaani kama milimita 127. R ni muundo wa nyuzi za ndani, na 15 ni kipenyo cha chuma kwa inchi. 91 ni namba ya uzito ambao tairi moja linaweza kubeba, kilo 615, na H ni kasi ya mwisho, kilomita 210 kwa saa. Tarakimu nne za mwisho za msimbo unaoanza na herufi DOT, hapohapo ubavuni, ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Chuma kina lugha yake: 15x6J, 5x114.3, ET45. Kipenyo ni inchi 15 na upana inchi 6. Nati ni tano, zimepangwa kwenye duara la kipenyo cha milimita 114.3, na ET inasema sehemu inayobana kwenye kitovu imesogea milimita 45 kutoka katikati ya upana wa chuma. Angalia kwamba namba moja tu inakutana, ile 15. Ukiagiza "wheel" kwa kutaja 195/65R15 peke yake, hujasema lolote kuhusu nati. Chuma cha 5x112 kitaonekana kukubali gari la 5x114.3, ila nati zitakaa upande na kulegea. ET ikikosewa, tairi linaweza kukwaruza fenda au sehemu za springi.

Sasa misemo iliyoganda, ambayo haifuati mantiki kila mara. "Wheel alignment" ni kunyoosha pembe za magurudumu. Ikikosewa, tairi hulika upande mmoja. "Wheel balancing" ni kuongeza vipande vidogo vya uzito kwenye chuma ili usukani usitetemeke ukishika kasi Thika Road. Ukilipia kimoja ukihitaji kingine, tatizo litabaki palepale. "Wheel bearing" ni beringi ya kitovu: ikivuma, wengi hununua matairi mapya na mvumo ukaendelea. Lakini "tyre rotation", kuhamisha mbele kwenda nyuma, hufanywa kwa kuhamisha magurudumu mazima, chuma na vyote, na bado jina ni la tairi. Hakuna kanuni hapo, kariri tu. Upepo ni "tyre pressure" daima.

"Steering wheel" ni usukani, haukanyagi popote. "Fifth wheel" ya malori ya Mombasa Road haizunguki barabarani kamwe: ni sahani ya chuma mgongoni mwa kichwa cha lori ambayo trela hukalia. Kwa mazungumzo ya kawaida, maneno hayohayo humaanisha mtu asiyehitajika kwenye kundi, kwa hiyo muktadha ndio uamuzi.

Wamarekani huandika "tire", sisi na Waingereza "tyre". Tofauti hii ina faida: tangazo la "wheels" lenye "tire" mahali pengine ukurasani kwa kawaida ni la Kimarekani, na humo "wheels" mara nyingi ni chuma peke yake hata kama picha inaonyesha tairi. Kabla ya kulipa, andika: "Are tires included and mounted?" Jibu likiwa "included" bila "mounted", utayapokea matairi yakiwa kando, na kuvisha ni gharama yako.

Ukinunua gari na karatasi ikasema "spare tyre", fungua buti uangalie. Wengi humaanisha gurudumu zima, lakini ukikuta mpira mtupu usio na chuma, siku ya pancha nati zako hazitakuwa na pa kukaa.