Shika mkia wa sentensi: somo la ufahamu wa Kiingereza kwa wanafunzi Wachina wa sekondari ya juu

Kijana mmoja wa mwaka wa pili wa sekondari ya juu, hapa Changsha, mji mkuu wa jimbo la Hunan nchini China, aliniletea kifungu cha ufahamu cha maneno kama 300. Juu ya kila neno la Kiingereza alikuwa ameandika maana yake ya Kichina kwa penseli, na sikuona hata moja alilokosea. Nikamuuliza, habari yenyewe inasemaje? Akanyamaza. Maneno yote alikuwa nayo, habari hana.

Tangu siku ile nimeacha kuamini kwamba msamiati ndio ugonjwa mkubwa wa wanafunzi hawa. Wanajifunza maneno kwa bidii kuliko wanafunzi wowote niliowahi kuwafundisha. Kinachowaangusha ni namna Kiingereza kinavyoipanga sentensi, na hapo sisi Waswahili tuna msaada ambao walimu wengi hawana. Hatua zangu ndizo hizi, na maswali mliyoniletea ninyi wanachama wa kikundi chetu nimeyajibu mwishoni.

Hatua ya 1: Ujue mtihani unaomkosesha usingizi

Gaokao, mtihani wa kuingia chuo kikuu, hufanyika kila mwaka kuanzia tarehe 7 Juni. Kiingereza kina alama 150, sawasawa na Kichina na hisabati. Katika karatasi inayotumika huku Hunan, usomaji una alama 50. Vifungu vinne, A hadi D, vina maswali 15 ya kuchagua, na kila swali ni alama 2.5. Kisha kuna zoezi liitwalo qī xuǎn wǔ, yaani "saba, chagua tano": kifungu kimetobolewa nafasi tano, na mwanafunzi anachagua sentensi za kuziba kati ya saba alizopewa.

Kifungu A mara nyingi ni tangazo au maelekezo. B huwa ni kisa cha mtu. C na D ni maelezo ya sayansi au jamii, yenye sentensi ndefu, na huko ndiko alama zinakomwagika. Usipoteze mwezi mzima kwenye A.

Hatua ya 2: Pima kifungu kabla ya kukifundisha

Utafiti wa Hu na Nation wa mwaka 2000 ulionyesha kuwa msomaji anahitaji kuyajua takriban asilimia 98 ya maneno ili aelewe hadithi peke yake bila msaada. Hiyo ni sawa na maneno mawili mageni katika kila 100. Basi mpe mwanafunzi ukurasa, apige mstari chini ya maneno asiyoyajua, mhesabu pamoja. Yakiwa mawili katika 100, akasome mwenyewe kitandani. Yakifika matano, msome pamoja darasani. Yakizidi hapo, weka kando. Mtaala wa China unamtaka anayejiandaa na gaokao awe na maneno kama 3,000, kwa hiyo gazeti la watu wazima la London si chakula chake bado, hata mzazi akisisitiza.

Hatua ya 3: Uti wa mgongo na mkia

Hapa kaeni wiki kadhaa. Mimi hukaa sita.

Kichina hutanguliza maelezo yote, nomino ikaja mwisho. "Zuótiān wǒ mǎi de shū" ukilifuata neno kwa neno ni: jana, mimi, nunua, de, kitabu. Hiyo "de" ndiyo gundi inayoyabandika maelezo kwenye kitabu. Kiingereza hufanya kinyume: "the book that I bought yesterday". Kiswahili je? Kitabu nilichonunua jana. Nomino mbele, mkia wa maelezo nyuma! Mtoto aliyekulia kwenye Kiswahili haoni ajabu yoyote katika mpangilio huo. Mchina amezoea kusubiri nomino mwishoni, kwa hiyo akikutana nayo mwanzoni anaona mambo yamekwisha, na mkia unageuka kwake kuwa sentensi nyingine.

Chukueni sentensi hii: "The old bridge that the villagers had built by hand was washed away by the flood." Mwanafunzi wangu aliielewa hivi: wanakijiji walijenga daraja la zamani, kisha wakasombwa na mafuriko. Kwenye kifungu hakuna aliyekufa, lakini yeye alikuwa ameshazika kijiji kizima.

Ninavyofanya ni hivi. Mwanafunzi anazungushia duara vitenzi vyenye njeo tu: "had built", "was washed". Viwili. Walimu wa huku wana kanuni nzuri ambayo nimeichukua kwao: idadi ya vitenzi ukitoa kimoja ndiyo idadi ya viunganishi. Vitenzi viwili, kwa hiyo atafute kiunganishi kimoja. Yupo "that". Kuanzia "that" hadi kabla ya "was" anaweka mabano, kisha anaufunika mkia kwa kidole na kusoma kilichobaki: "The old bridge was washed away by the flood." Huo ndio uti wa mgongo. Anaondoa kidole, ananiuliza: daraja lipi? Mkia unajibu: lile walilojenga wanakijiji kwa mikono yao. Lazima swali hilo la "lipi" alitamke kwa mdomo. Asipolitamka, anarudi kutafsiri neno kwa neno.

Kuna mikia isiyo na "that", na hiyo ni hatari zaidi. "The girl invited to the party arrived late." Wanafunzi wengi husoma: msichana alialika watu kwenye sherehe. Kitenzi cha Kichina hakibadiliki umbo, kwa hiyo jicho lao linaona "alika" na kuendelea na safari. Sisi tuna -w- ya kutendwa na tuna kirejeshi: msichana aliyealikwa. Mwalimu Mswahili anaisikia tofauti hiyo masikioni mwake hata kabla ya kuieleza. Mfundishe mwanafunzi kujiuliza, "Nani kaalika?" Akiona si msichana, basi "invited" ni mkia, na kitenzi cha kweli kiko mbele. Vivyo hivyo kwa maneno ya -ing: "the man standing by the door" ni mtu aliyesimama mlangoni, na sentensi bado haijaanza kusema jambo.

Kila siku sentensi tano tu. Tano zilizochambuliwa hadi mwisho, si kurasa tano zilizopitiwa juu juu.

Hatua ya 4: Maneno yenye familia

Hapa wana uwezo mkubwa na hawajui kama wanao. Mchina anajua tangu utotoni kwamba herufi ina vipande, na kipande cha maji kikiwapo, huenda herufi inahusu mto, bahari au kuosha. Anajua pia kuwa diànnǎo, kompyuta, ni "umeme" na "ubongo". Mwambie Kiingereza nacho kina vipande: "port" ni kubeba, kwa hiyo "transport", "import", "export" na "portable" ni ndugu. Macho yao hung'aa wakilisikia hilo.

Tatizo liko kwenye orodha za maneno, ambako neno moja limepewa maana moja. "Address" wameikariri kama anwani, halafu kifungu kinasema "address the problem". "Novel" wanaijua ni riwaya, halafu wanakuta "a novel idea". Neno la kawaida likionekana limekaa vibaya, aamini sentensi, asiiamini orodha.

Hatua ya 5: Viunganishi vinavyogeuza njia

Kichina husema suīrán … dànshì, kama sisi tunavyosema "ingawa … lakini". Kiingereza sanifu hutumia kimoja tu. Katika "Although many visitors complain about the price, the museum is always full", mwanafunzi anasubiri "but" ambayo haiji, na malalamiko ya bei yanamkaa kichwani kama ndiyo habari kuu. Mfundishe akiona "although" aende kwenye mkato, kwa sababu uzito uko ng'ambo ya pili. Kwa "however" na "yet" asimame kabisa na kupiga alama pembeni. Swali kuhusu msimamo wa mwandishi mara nyingi jibu lake liko jirani.

Hatua ya 6: Jibu lazima liwe na mstari wake

Hakuna kusema "nimehisi ni C". Aweke kidole kwenye mstari uliomfanya achague C. Majibu ya mtego yana majina ya Kichina ambayo wanafunzi wanayafahamu tayari, yatumie. Zhāng guān Lǐ dài ni kofia ya Zhang kuvishwa Li: jambo la mtu mmoja limepewa mwingine. Yǐ piān gài quán ni kuchukua sehemu na kuiita yote. Wú zhōng shēng yǒu ni kuzua kisichokuwepo. Tōuhuàn gàiniàn ni kubadilisha maana kinyemela, maneno yanafanana na ya kifungu lakini si yale. Kila jibu analolikataa, aandike pembeni ni mtego gani. Zoezi hili linachosha, na ndilo lililowapandishia alama wanafunzi wangu kuliko lolote baada ya ile mikia.

Kwa qī xuǎn wǔ, atazame sentensi jirani. "They" inataka watu waliotajwa kabla. "Another" inataka cha kwanza kiwe kimeshapita.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Guangzhou:* Mwalimu, shikamoo. Nina mwanafunzi, binti wa mwaka wa tatu, anajua maneno zaidi ya 4,000, lakini katika maswali 15 anapata 8 au 9. Nimeishiwa mbinu.

Marahaba. Kabla ya yote, mpe kifungu D bila kikomo cha muda. Akipata yote, shida ni kasi. Akikosa vilevile, shida ni uelewa, na maneno mengine 1,000 hayatamsaidia. Kisha mwambie asimulie kila aya kwa Kichina, sentensi moja moja, kitabu kimefungwa. Mahali atakapokwama ndipo penye mkia alioukanyaga. Rudini hapo na mabano.

*Mwanachama, Nairobi:* Mimi Kichina sijui hata kidogo. Nafundisha vijana wawili ambao wazazi wao wanafanya kazi huku. Naweza kweli kufuata hatua hizi?

Unaweza, kaka. Wakae wawili hao, mmoja amweleze mwenzake sentensi kwa Kichina, kisha yule wa pili achore. Mchoro hauhitaji lugha. Kwenye sentensi ya daraja, akichora watu ndani ya maji umeshajua kosa liko wapi. Mishale nayo inasaidia: kila "it", "they" na "which" ipelekewe mshale hadi kwenye nomino yake. Ila jifunze lile neno "de". Ukiwaandikia ubaoni mpangilio wa Kichina juu na wa Kiingereza chini, wataelewa kwa dakika kumi jambo ambalo wengine hulihangaikia mwaka.

*Mwanachama, Dar es Salaam:* Wangu anapiga picha ukurasa kwa simu, programu inamtafsiria yote. Nimnyang'anye?

Usimnyang'anye, dada, badilisha zamu. Kwanza asome mwenyewe na kuandika kwa Kichina maana ya sentensi tatu ngumu. Baada ya hapo ndipo afungue simu na kulinganisha. Simu ikiwa msahihishaji inafundisha. Ikitangulia, jicho halifanyi kazi tena. Na akiona simu imekosea, mpongeze sana. Maana yake ameusoma mkia mwenyewe.

*Mwanachama, Changsha:* Aanze na maswali au na kifungu? Shuleni kwetu walimu wanabishana.

Kwa A, maswali kwanza, maana pale anatafuta bei, tarehe au mahali. Kwa B, kifungu kwanza, kisa hakisomwi vipande vipande. Kwa C na D mimi huwaambia wasome aya ya kwanza, wapitie maswali bila majibu ya kuchagua, kisha warudi kwenye kifungu. Yale majibu manne wasiyaguse kabla, kwa sababu matatu ni ya uongo, na uongo ukitangulia kichwani unakaa.

*Mwanachama, Guangzhou, tena:* Mama wa binti anasema vitabu vya hadithi ni kupoteza muda, anataka karatasi za mitihani tu. Nimjibu nini?

Mwambie kwa heshima kwamba karatasi ya mtihani inapima na kitabu kinajenga, na kwamba unaomba dakika 20 tu usiku baada ya wǎn zìxí, lile somo la kujisomea la jioni. Chagua kitabu kilichorahisishwa, kile ambacho binti anakutana na maneno mageni mawili tu kwa 100. Usimpe maswali yoyote juu yake. Andika idadi ya kurasa alizosoma kila usiku kwenye karatasi, ibandike mahali mama anapoiona. Wangu mmoja alianza na kurasa tatu kwa usiku. Wiki ya tano alikuwa anasoma kumi na moja, na mama yake ndiye aliyenipigia simu kuuliza kitabu kinachofuata kinapatikana wapi.