Kabla Hujapanda Treni Kwenda Kuona Jamhuri Nairobi

Anza na tiketi ya kurudi. Watu wengi wa Mombasa huhangaikia ya kwenda, kumbe tarehe 12 Desemba, Siku ya Jamhuri yenyewe, shule zimefungwa na watu wa bara wanateremka Pwani kwa likizo. Treni ya kupanda Nairobi unaweza kubahatika. Ya kurudi Miritini, kituo chetu cha Mombasa, ndiyo inayojaa. Kata zote mbili kwa siku moja, jina liwe lile lile lililo kwenye kitambulisho, maana linaangaliwa.

Hakikisha pia ni sikukuu gani unayoifuata. Sherehe za Madaraka na Mashujaa siku hizi huzungushwa kaunti kwa kaunti. Mashujaa ya 2024 ilifanyika Kwale, hapa ng'ambo ya Likoni tu! Jamhuri ndiyo iliyozoea kubaki Nairobi, ama Bustani ya Uhuru ama Uwanja wa Nyayo, basi ngoja tangazo kabla hujatafuta pa kulala. Mimi naombea iwe Bustani ya Uhuru, barabara ya Lang'ata, kwa sababu hapo ndipo bendera yetu ilipopandishwa mara ya kwanza, Desemba 1963. Kusimama pale na watoto na kuwaonyesha mahali penyewe ni jambo ambalo televisheni haiwezi kukupa.

Siku ya safari, fika Miritini saa nzima kabla ya treni kuondoka. Mizigo hupangwa chini inuswe na mbwa, kisha kuna mashine, kisha foleni. Ukitokea Pwani ya Kusini bila gari, hesabu na muda wa feri ya Likoni; mwenye gari apite barabara ya Dongo Kundu, atatokea Miritini bila kuvuka maji. Treni inakushusha Syokimau, si katikati ya mji. Pale pale kuna treni ndogo ya kukufikisha kituo cha zamani mjini, nami naipenda kuliko teksi kwa vile haijui foleni ya magari.

Fika tarehe 11, usithubutu kufika siku yenyewe. Mwaka mmoja mimi na shangazi tulifika uwanjani saa mbili asubuhi, tukidhani tumewahi. Milango ilikuwa imeshafungwa, watu wameingia tangu alfajiri. Shangazi alisikiliza gwaride akiwa barabarani, amekaa juu ya leso yake, na mpaka leo huniuma. Kuingia ni bure, kwa hiyo anayepata nafasi ni anayeamka mapema. Saa kumi na moja muwe njiani, na mjue barabara za karibu hufungwa, kipande cha mwisho ni miguu.

Sweta ni lazima. Nairobi iko juu kiasi cha mita 1,700, na ile alfajiri mtu wa Pwani hutetemeka meno. Ikifika saa tano jua linachoma, na mvua za vuli huenda bado zikarudi. Kofia, viatu vilivyofungwa, na chai na mahamri kabla ya kutoka. Begi kubwa liache ulikolala, ukaguzi utakuchelewesha. Mtoto mdogo mwambie mapema kwamba ndege za kivita zitapita chini kwa kishindo, na umwandikie nambari yako ya simu kwenye karatasi mfukoni.

Gwaride likiisha usikimbilie lango pamoja na umati. Kaeni mpaka watu wapungue, ndipo mtoke.