Video haichezi kwenye Linux? Anza na vipimo visivyokula bando

Mwalimu mmoja wa sekondari alinijia kibandani hapa Arua na ThinkPad T440 ya mtumba yenye Linux Mint. "Fundi, niwekee ile plagini ya video. Bando la wiki nzima limeishia humu." Alikuwa amehangaika kweli: vivinjari vitatu, programu nne za kucheza video, na bado video za kemia alizotaka kuwaonyesha wanafunzi zilikuwa hazifunguki, au zinafunguka na kuganda.

Plagini haikuwa na kosa lolote. Na kwa kuwa tangu Julai 2021 data tunayonunua Uganda inatozwa ushuru wa asilimia 12, mimi hupanga vipimo kwa gharama: vya bure kwanza, vya megabaiti baadaye.

Kwanza, achana na Flash

Mtu akiniambia "plagini", mara nyingi ana maana ya Flash, programu ya zamani iliyoongezwa kwenye kivinjari ili kicheze video. Adobe waliiacha tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia 12 Januari 2021 ikawa inakataa yenyewe kucheza chochote. Firefox ikaiondoa kabisa katika toleo la 85, mwezi huohuo. Tovuti ikikuambia leo upakue Flash ndipo uone video, ifunge. Ni mtego.

Kwetu tarehe hiyo ilichanganya watu mara mbili. Siku ileile ya 12 Januari, siku mbili kabla ya uchaguzi, mitandao ya kijamii ilifungwa nchini, na mingine iliporudishwa Facebook ilibaki imefungwa. Nimeletewa kompyuta si mara moja eti "kodeki imeharibika" (kodeki ni programu ndogo inayofungua picha na sauti za video), kumbe ni ukurasa wa habari wenye kisanduku kitupu mahali ambapo mwandishi alibandika video ya Facebook. Hapo hata uweke kodeki za dunia nzima, kisanduku kitabaki kitupu.

Hatua ya 1: Tazama saa

Usicheke. Laptopu nyingi za mtumba zina betri ndogo ya ubao, ile ya duara kama sarafu, ambayo imeshakufa. Chaji ikiisha kabisa, saa inarudi nyuma. Kivinjari kikiona tarehe ya zamani kinakataa vyeti vya usalama vya tovuti, na video inabaki nyeusi au ukurasa unafunguka nusu. Fungua terminali uandike:

timedatectl

Soma mstari wa "Local time". Kama tarehe si ya leo, washa intaneti kisha:

sudo timedatectl set-timezone Africa/Kampala
sudo timedatectl set-ntp true

Ya mwalimu ilikuwa nyuma miezi mitano. Tuliporekebisha, zile video zilizokuwa hazifunguki kabisa zikafunguka. Betri ya CR2032 tukaibadilisha siku hiyohiyo, maana bila hivyo angerudi baada ya umeme kukatika tena.

Hatua ya 2: Cheza video ya WhatsApp ndani ya kivinjari

Hiki ndicho kipimo ninachokipenda kuliko vyote, na hakili hata megabaiti moja. Chukua video uliyotumiwa WhatsApp, ihamishe kwa waya kutoka kwenye simu, halafu iburute hadi kwenye dirisha la Firefox. Video za WhatsApp kwa kawaida ni MP4 yenye picha zilizobanwa kwa kodeki ya H.264 na sauti kwa AAC, aina ileile inayotumiwa na tovuti nyingi. Usitumie video uliyorekodi mwenyewe kwa kamera, kwa sababu simu nyingine hurekodi kwa H.265 na kivinjari kinaweza kuikataa bila kuwa na ugonjwa wowote.

Ikicheza vizuri, kodeki zipo. Ruka hadi hatua ya 4. Isipocheza, au ukaona ujumbe kwamba huenda ukahitaji kuweka kodeki za video, endelea.

Hatua ya 3: Weka kodeki, lakini jua unaziweka wapi

Andika about:support kwenye sehemu ya anwani, shuka hadi "Media". Kwenye Firefox za karibuni utaona jedwali la kodeki: H264, VP9, AV1 na wenzake. H264 ikiwa "Unsupported", Firefox haioni FFmpeg, maktaba ya kodeki, kwenye mfumo. Kwenye Mint au Debian:

sudo apt update
sudo apt install libavcodec-extra

Kuna wanaoshauri uweke ubuntu-restricted-extras au mint-meta-codecs. Vinafanya kazi, ila vinakuja na mizigo mingi usiyoihitaji. Cha Ubuntu kinaleta hata fonti za Microsoft, na katikati ya kazi skrini inajaa maandishi ya leseni. Kipanya hakisaidii pale, bonyeza Tab mpaka ufike kwenye OK, kisha Enter. Kabla ya kukubali chochote, soma apt inasema itapakua megabaiti ngapi. Ikikuuliza, Y unaijibu wewe.

Kuna tego moja. Kuanzia Ubuntu 22.04, Firefox inayokuja na mfumo ni ya snap, yaani kifurushi kinachojitegemea, nayo inatembea na kodeki zake ndani. Ukiijazia mfumo kodeki, yenyewe haizioni. Dawa yake ni hii:

sudo snap refresh firefox

Hatua ya 4: Inacheza lakini inakwamakwama

Hapa ndipo watu hulaumu mtandao. Pengine wana haki, pengine hawana. Kwenye YouTube, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya video, chagua "Stats for nerds", kisha tazama mambo matatu. "Buffer Health" ni akiba ya sekunde zilizokwisha kupakuliwa: ikicheza karibu na sifuri, mtandao ndio unaochelewa, punguza ubora wa picha. "Frames" inaonyesha picha zilizodondoshwa: zikiongezeka huku akiba imejaa, kompyuta ndiyo imeshindwa. "Codecs" inakuambia imeshindwa na nini.

Kwa mwalimu, akiba ilikuwa zaidi ya sekunde 30, picha zinadondoka mfululizo, feni inavuma kama jenereta, na kodeki ni vp09, yaani VP9. Jibu likaonekana. Chipu ya picha ya T440, Intel HD 4400, inaifungua H.264 yenyewe lakini VP9 haiijui, hivyo mzigo wote unaiangukia prosesa.

Hakikisha kwanza draiva ipo, yaani programu inayouwezesha mfumo kuitumia chipu:

sudo apt install i965-va-driver vainfo
vainfo

Mistari yenye VAProfileH264 na VAEntrypointVLD maana yake chipu iko tayari. Kwa mashine za Intel za kizazi cha 8 cha chipu za picha kwenda juu, yaani Broadwell na zilizofuata, draiva ni intel-media-va-driver. Firefox kuanzia toleo la 115 huitumia chipu ya Intel bila kuambiwa.

Kisha tukaongeza kiendelezi cha enhanced-h264ify, kinachoizuia YouTube isilete VP9 wala AV1. Kodeki ikabadilika kuwa avc1, yaani H.264, feni ikatulia. Lakini nilimwambia wazi: kwa ubora uleule, H.264 inakula data zaidi ya VP9. Tukashusha hadi 480p. Rangi ya jaribio ikibadilika kwenye chupa, darasa litaiona tu.

Mawili ya haraka

Netflix na huduma kama hizo zinataka Widevine, kinga ya kuzuia video zisinakiliwe (DRM). Kwenye mipangilio ya Firefox weka tiki kwenye "Play DRM-controlled content". Kama picha ipo na sauti haipo, fungua pavucontrol, programu ya kupanga sauti, uone kama sauti haijatumwa HDMI, hasa ukishachomeka projekta.

Hatua ya 5: Ondoa ulivyoweka kwa kubahatisha

Vile vivinjari viwili vya ziada vingekuwa vinaomba kusasishwa kila mara, kwa bando la mwalimu. Kwa kila kimoja:

sudo apt remove jina-la-programu
sudo apt autoremove

Soma orodha ya autoremove kabla ya kukubali. Ukiona libavcodec humo, jibu n.