"Mtoto wa nani wewe?" Namna ninavyowafundisha watoto kwamba ni wana wa Mungu

Hapa Unguja mtoto hatumwi dukani akarudi bila kuulizwa njiani, "Mtoto wa nani wewe?" Anayeuliza anataka kujua ampelekee nani salamu, na mtoto akipotea amrudishe nyumba gani. Somo la kuwa wana wa Mungu nalianzia kwenye swali hilo, maana watoto wameshalijibu mara nyingi kabla hawajafika kwangu. Nafundisha Shule ya Jumapili, watoto wa miaka saba hadi kumi na moja, na somo hili nalipa Jumapili nne. Zamani nililimaliza kwa siku moja: wimbo, aya, sala, kwaherini. Wote walikariri, na wiki ya pili hakuna aliyeweza kunieleza maana yake.

Kabla hujaanza: jua kila mtoto anaishi na nani

Hatua hii usiiruke. Pita majumbani, au waulize wazazi baada ya ibada. Nani analelewa na bibi? Nani baba yake yuko bara na hapigi simu? Nani amefiwa? Neno "Baba" utalitamka mara nyingi mno katika wiki hizi, na si kila mtoto atalisikia kwa furaha.

Mwaka mmoja niliwaambia watoto, "Mungu ni kama baba yako nyumbani." Msichana mmoja wa miaka tisa akainamisha kichwa, akaanza kuchomoa ukili wa mkeka, uzi mmoja mmoja, mpaka pakawa na tundu la kupitisha kidole. Baadaye bibi yake akanieleza jinsi baba yule alivyokuwa akirudi nyumbani usiku, na nini kilifuata. Tangu siku ile maneno yale siyasemi tena. Nasema: "Mungu ni Baba ambaye kila baba anatakiwa ajifunze kwake." Mtoto mwenye baba mwema anaelewa, na asiye naye hafungiwi mlango.

Hatua ya 1: Uliza swali la mtaani

Wakae duara. Muulize kila mmoja, "Mtoto wa nani wewe?" na umwache ajibu kama anavyojibu njiani. Anayelelewa na bibi ataje jina la bibi, nawe umwitikie kwa heshima ileile. Kisha uliza: ukiwa mtoto wa mtu unapata nini? Kwangu husema jina, chakula, pa kulala, mtu wa kukutetea ukionewa. Yaandike kwa maneno yao na uitunze karatasi hiyo, utaihitaji tena.

Hatua ya 2: Aya moja tu

Yohana 1:12: "Bali wote waliompokea aliwapa uwezo wa kufanyika watoto wa Mungu." Simama kwenye neno "aliwapa". Waulize nani kati yao alijichagulia nyumba ya kuzaliwa, au aliilipia. Watacheka, na hapo hapo wataelewa kwamba wamepewa.

Nawaomba walimu wenzangu tuache kabisa kumtisha mtoto mtundu kwa kumwambia kwamba akifanya hivi si mtoto wa Mungu tena. Someni Luka 15 pamoja. Kijana aliyepoteza mali alipanga njiani kumwomba baba amfanye kama mmoja wa watumishi wake. Alipofika, sentensi hiyo hakuimaliza. Baba alishaagiza joho, pete na viatu.

Hatua ya 3: Wapeleke Mkunazini

Hili ni jambo ambalo sisi wa Zanzibar tumejaliwa, na sioni sababu ya kufundisha somo hili kwa picha za kwenye karatasi tu. Soko la watumwa la Mkunazini, hapa mjini Unguja, lilifungwa mwaka 1873 kwa amri ya Sultani Barghash, na mwaka huohuo, siku ya Krismasi, likawekwa jiwe la msingi la Kanisa Kuu la Kristo papo hapo palipokuwa na soko. Ndani, mbele ya madhabahu, waonyeshe duara la marumaru nyeupe. Husimuliwa kwamba hapo ndipo ulipokuwa mti wa kuchapia watumwa.

Nje kuna shimo lenye sanamu za watu watano, minyororo shingoni, zilizowekwa mwaka 1998. Waache watoto wasimame hapo bila wewe kusema kitu. Wataanza kuuliza wenyewe: walikuwa watoto pia? Waliuzwa bila mama zao? Jibu kweli, kwa maneno machache. Vile vyumba vya chini wanavyoonyeshwa wageni, mimi siwaingizi walio chini ya miaka kumi. Niliwahi kuwaingiza na mmoja hakulala usiku wake.

Sasa fungua Wagalatia 4:7: "Kama ni hivyo, wewe si mtumwa tena bali u mwana." Toa ile karatasi ya Jumapili ya kwanza na msome orodha mkiwa mmesimama pale pale. Jina: mtumwa alipewa na bwana wake. Mtu wa kumtetea: hana. Kisha wasimulie habari ya John Swedi. Alikuwa mmoja wa wavulana watano waliookolewa utumwani, ambao Sultani Majid alimkabidhi Askofu Tozer, mmisionari wa Kianglikana, mwaka 1864. Mwaka 1879 akawa shemasi. Aliyehesabiwa kama mzigo wa jahazi akasimama kanisani kuwahudumia watu.

Hatua ya 4: Swali la rafiki wa skuli

Litakuja tu, kwa hiyo liandae. Watoto wetu wanasoma na kucheza na Waislamu tangu asubuhi mpaka magharibi, na wenzao wamehifadhi chuoni, wanakosoma Kurani, wangali wadogo, kwamba Mungu hakuzaa wala hakuzaliwa. Mtoto wako akisema "mimi mtoto wa Mungu", mwenzake anashtuka, na ana haki ya kushtuka, maana anasikia kwamba Mungu ana mke.

Mfundishe mtoto aya inayofuata, Yohana 1:13: "si kwa damu, wala si kwa mapenzi ya mwili". Sisi hatusemi Mungu alituzaa kama watu wanavyozaa. Tunasema ametupokea. Paulo analiita jambo hili kufanywa wana. Hapa uwe mwangalifu na mfano wa mtoto wa kulea, kwa sababu katika baadhi ya nyumba zetu huyo ndiye anayeosha vyombo wenzake wakiandika kazi za skuli. Waeleze kwamba katika sheria ya Kirumi ya wakati wa Paulo, aliyefanywa mwana alirithi kama aliyezaliwa. Anakaa sahani moja na wenzake.

Fanyeni mazoezi wawili wawili. Jibu lenyewe liwe fupi: "Hakunizaa kwa mwili. Ananipenda na amenipokea, ndiyo maana namwita Baba." Basi, mpira uendelee. Usiwatume watoto kubishana.

Na mtoto mmoja atakuuliza kwa uchungu kama Mungu anampenda rafiki yake. Mwambie ndiyo, bila kusita. Mungu ndiye aliyemuumba rafiki yako kwa mfano wake, na wewe umpende kama anavyompenda.

Hatua ya 5: Baba Yetu, polepole

Jumapili ya nne haina somo jipya. Tunasali Baba Yetu kwa vipande, na baada ya maneno mawili ya kwanza tunanyamaza. Nawaambia wajaribu kusema "Baba yangu uliye mbinguni, unipe leo riziki yangu", halafu waniambie nani ametoka nje ya sala. Wanaangaliana. Waliogombana wiki ile huwa wanajijua, nami siwataji. Nasubiri tu mpaka mmoja aseme "yetu", kisha tunaanza upya.