Kabla Homa Haijapanda Usiku: Maandalizi ya Mwenye Mtoto Mdogo Lamu

Mtoto huchagua usiku. Kemisti amefunga, mashua zimefungwa gatini, umeme pengine umekatika, na mama amesimama na chupa mkononi akisoma maandishi madogo kwa mwanga wa simu. Yaliyoandikwa humu ni ya kufanywa kabla ya usiku huo, mtoto akiwa mzima anacheza. Na karibu yote yanarudi kwenye kitu kimoja: kipimo. Mara nyingi dawa imo nyumbani. Kisichokuwemo ni kipimo chake.

Anza na uzito. Dawa ya mtoto huhesabiwa kwa kilo zake, si kwa umri wala kwa kumtazama. Watu wakishamaliza chanjo ya surua ya miezi 18 huacha kwenda kliniki, na tangu hapo uzito ulioko kijitabuni ni wa kale. Panda mizani umembeba mtoto, kisha panda peke yako, utoe. Andika kilo na tarehe kwa kalamu nzito, bandika ndani ya mlango wa kabati la dawa. Rudia kila miezi mitatu.

Nunua kipimajoto cha kidijitali na betri ya akiba. Futa jasho kwapani, weka ncha katikati ya kwapa, bana mkono mpaka kilie. Nyuzi 37.5 kwenda juu ni homa. Kiganja kilichotoka kushika sufuria hakijui homa.

Nunua pia bomba la sindano lisilo na sindano, la mililita 5 na la mililita 10. Kijiko cha chai si kipimo. Chukua vijiko vitatu vya jikoni mwako, vijaze maji, vuta maji ya kila kimoja kwa bomba uone: kimoja huenda kikatoa mililita 3, kingine kikakaribia 7.

Parasetamoli ni miligramu 15 kwa kila kilo kwa dozi moja, isirudiwe kabla ya saa sita kupita tangu dozi iliyotangulia, isizidi mara nne kwa siku. Mtoto wa chini ya miezi miwili asipewe nyumbani kabisa. Homa yake ni ya hospitali usiku huo huo. Mtoto wa kilo 8, basi, anapata miligramu 120. Sasa soma chupa. Ya kawaida imeandikwa miligramu 120 kwa mililita 5, kwa hiyo anapata mililita 5. Iko ya miligramu 250 kwa mililita 5. Hapo anapata mililita 2.4. Na iko ya matone, kichupa kidogo chenye kidondoshi, miligramu 100 katika kila mililita moja. Hapo anapata mililita 1.2 tu. Kidondoshi kikipotea, mtu akachukua kijiko cha mililita 5 kama alivyozoea, mtoto amemeza miligramu 500 kwa mara moja, zaidi ya mara nne ya dozi yake. Mnaoletewa dawa na jamaa walioko Mombasa au Uarabuni angalieni hapo, kwa sababu chupa hufanana na nguvu hutofautiana. Dawa nyingi za mafua nazo zina parasetamoli ndani. Ukizitoa zote mbili umeitoa mara mbili.

Na nyumba zetu zina watu. Mama anatoa dawa saa mbili, bibi anaingia saa tatu, anamgusa, anaona bado yuko moto, anatoa nyingine kwa huruma. Anayetoa dozi aandike saa na kiasi kwenye ile karatasi ya kabatini, awe mama, bibi au shangazi. Dozi ikizidi sana, ini hudhurika kimya kimya. Siku ya kwanza mtoto hutapika na kukataa chakula, na kila mtu atasema ni homa ile ile. Umanjano wa macho huja baada ya siku mbili au tatu. Hospitali wana dawa ya kuzuia madhara, nayo hufanya kazi vizuri zaidi ndani ya saa nane tangu alipokunywa. Ukishuku tu, nenda, na chupa uichukue.

Kwenye ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, hapana budi tukae, maana ndipo mwenye nia njema anapoumia zaidi. Mtoto wa mwaka mmoja anaharisha tangu alfajiri. Paketi ya ORS iko juu ya kabati. Mama anafanya kama alivyofundishwa: anachemsha maji, anayapoza, anatia unga, anakoroga. Chombo alichonacho ni chupa ya nusu lita. Paketi ni ya lita nzima. Na maji ni ya kisima cha uani, yale ya kuogea na kuoshea vyombo, kwa sababu madumu ya maji matamu yamekwisha na mwenye punda hajapita.

Amekosea mara mbili, na makosa yote mawili ni ya chumvi. ORS iliyochanganywa sawasawa ina milimoli 75 za sodiamu kwa lita. Paketi ya lita ukiitia katika nusu lita unapata 150, nyingi kuliko zilizomo kwenye damu yenyewe, na juu yake umeongeza chumvi ya kisima. Kuchemsha huua vijidudu tu. Chumvi haiondoki, maji yakipungua sufuriani ndiyo kwanza inakolea.

Mtoto anakunywa, na kiu inazidi. Anaililia bilauri, anaikamata kwa mikono miwili, akinyang'anywa anapiga kelele. Nyumbani wanafurahi: anakunywa, alhamdulillahi. Anapewa tena. Kumbe kiu ile ni chumvi inayovuta maji kutoka ndani ya chembe za mwili, na za ubongo zimo. Hata aliyefundishwa kumfinya ngozi ya tumbo hudanganyika hapa, kwani badala ya kurudi polepole kama ya mtoto aliyekaukiwa maji, ngozi yake huwa kama unga wa chapati uliokwisha kukandwa. Anakuwa mkali, analia kwa sauti nyembamba, hataki kuguswa. Baadaye anasinzia. Kisha degedege. Na hata akifika hospitali, sodiamu ile haishushwi haraka; hushushwa kwa muda wa siku mbili hivi, kwa sababu ikiporomoka ghafla ubongo huvimba.

Kwa hiyo leo, si siku ya kuharisha, geuza paketi zako usome. Yenye gramu 20.5 ni ya lita moja. Yenye gramu kama 10 ni ya nusu lita. Ukiwa nazo za aina zote mbili, zitenganishe, kwani usiku karatasi zote ni moja. Tenga chupa moja ya lita na moja ya nusu lita, zioshe, zipige alama, zisifanye kazi nyingine. Weka dumu la maji matamu ya akiba, ya mvua kutoka jabia au ya mfereji kutoka visima vya Shela, na uyaonje mwenyewe, maana kiangazi kikikaza hata maji uliyoyazoea hubadilika ladha. Huna? Nunua maji ya chupa dukani, usione uzito. ORS iliyokaa sawa haizidi chumvi ya machozi. Onja kabla hujampa. Ikipita saa 24, mwaga, changanya mpya.

Aliye chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100 baada ya kila choo cha maji, aliyezidi hapo 100 hadi 200, kwa kikombe au kijiko, kidogo kidogo. Akitapika ngoja dakika kumi, uanze tena polepole zaidi. Titi lisikome. Zinki ni miligramu 20 kwa siku, 10 kwa aliye chini ya miezi sita, na iendelee siku 10 hadi 14 hata choo kikishika siku ya tatu. Wengi huacha hapo. Dafu ni zuri, lakini lina potasiamu nyingi na sodiamu haba, halishiki nafasi ya ORS. Soda na juisi ya paketi huzidisha kuharisha kwa sukari yake.

Kifua: jifunze kuhesabu pumzi mtoto akiwa mzima amelala, ili usije ukajifunza akiwa mgonjwa. Fungua nguo, tazama tumbo likipanda na kushuka, hiyo ni moja. Hesabu dakika nzima kwa saa ya simu, asiwe analia wala ananyonya. Pumzi 60 kwenda juu kwa aliye chini ya miezi miwili, 50 kwa wa miezi 2 hadi 11, 40 kwa wa mwaka mmoja hadi mitano: hiyo ni haraka mno, apelekwe. Sehemu ya chini ya kifua ikiingia ndani kila anapovuta pumzi, usikae kuhesabu. Kikohozi hakitibiwi kwa kukata kimeo. Kinacholetwa na wembe ni kutoka damu, usaha na pepopunda.

Degedege likimshika, mlaze ubavu chini, ondoa vitu vigumu karibu naye, tazama saa. Usitie kijiko mdomoni, wala maji, wala dawa. Kombe, maji ya aya za Kurani, nalo lisubiri, kwa sababu wakati huo kinachomiminwa mdomoni huenda mapafuni. Mwenye kusoma na asome, huku mwingine akitafuta chombo. Likizidi dakika tano ni dharura kubwa. Hata likikoma mapema, apelekwe ajulikane ana malaria, homa ya uti wa mgongo au nini. Usimwogeshe maji baridi wala kumpaka spiriti. Mpunguzie nguo tu.

Homa si malaria mpaka ipimwe. Akikutwa nayo, vidonge vya AL (artemetha-lumefantrini) ni dozi sita kwa siku tatu, ya pili saa nane baada ya ya kwanza, pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta ili dawa ishike, na zimalizwe zote. Lamu hii ilipigwa na chikungunya mwaka 2004, na aliyeipata anakumbuka viungo vilivyouma. Dengue huenezwa na mbu yule yule, anayeuma mchana na kuzaa katika maji tuliyoyaweka wenyewe majumbani. Funika mitungi na madumu; samaki wadogo wa kwenye birika waliwekwa na wazee kwa akili, hula viluwiluwi. Na homa yenye maumivu makali ya viungo au ya nyuma ya macho isipewe ibuprofeni mpaka ijulikane kuwa si dengue, kwa hofu ya kutoka damu. Aspirini asipewe mtoto kwa homa yoyote.

Maumivu hupuuzwa kwa sababu mtoto mdogo hasemi. Wauguzi humpima kwa mambo matano: uso, miguu, jinsi mwili unavyotulia au kujinyonganyonga, kilio, na kama anabembelezeka. Kila moja hupewa 0 hadi 2, jumla 10. Wewe zoea ya kwako mapema: miguu yake hukaa vipi akilala, akibembelezwa hunyamaza baada ya muda gani. Mtoto aliyelala amekunja uso, magoti kayavuta tumboni, kimya, hajapona kwa kuwa ameacha kulia. Huyo ndiye wa kutazamwa zaidi. Sikio likiuma mpe parasetamoli kwa kipimo. Usimtilie mafuta ya nazi wala maji ya kitunguu. Likitoa usaha, sokota kitambaa safi kiwe utambi, likaushe mara tatu kwa siku, na aonwe kliniki. Mtoto mchanga akidungwa chanjo, anyonye wakati ule ule. Titi hupunguza maumivu ya sindano kwelikweli.

Safari nayo ipangwe mapema. Namba za manahodha wawili, si mmoja, kwa sababu mmoja atakuwa baharini. Pesa za mafuta ziwe kando, zisiguswe. Walioko Pate wajue kama ni hospitali ya Faza au ni ya King Fahad, Lamu mjini, na wajue maji yako wapi: Pate mjini maji yakitoka hapapandiki chombo, utaanzia Mtangawanda, na wakati wa bamvua hutoka mbali zaidi. Walio bara upande wa Mpeketoni wana hospitali yao. Kusi likivuma mfunike kwa khanga kavu, uso uwe wazi, ORS mkononi njiani. Mfuko uwe na kijitabu cha kliniki, chupa zote za dawa alizotumia, na karatasi ya saa za dozi. Asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, aliyelegea asiamke vizuri, hangojewi asubuhi.

Yako na madogo ya kuangalia. Asali isipewe aliye chini ya mwaka mmoja, hata kwa kikohozi. Meno yanayoota hayaleti kuharisha, na hakuna "meno ya plastiki" ya kung'olewa. Dawa iliyobaki ya mtoto mwingine haina kazi kwa huyu. Dawa ya maji ikiachwa dirishani na jua huharibika. Na ile chupa uliyoipiga alama ya ORS isije ikatiwa mafuta ya taa hata kwa siku moja, kwani mtoto akiona chupa ya maji hunywa. Na akinywa mafuta ya taa usimtapishe, mkimbize kama alivyo.